Kete ya Kushoto

Mzee Kombo alizikwa Wawi siku ya Alkhamisi baada ya sala ya adhuhuri, na kwa kuwa mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa nimesoma, wanawe walinitaka niandike wasifu wake mfupi wa kusomwa siku ya hitma. Niliuandika kwa muda usiozidi saa moja, nimekaa kwenye kitanda cha wageni, karatasi nimeiegemeza juu ya begi langu la safari. Ulikuwa ukurasa mmoja. Nilitaja ujana wake juu ya mikarafuu, miaka yake ya kukagua miti, upole wake kwa majirani, na umahiri wake katika mchezo wa dhumna uliomfanya ajulikane kwa jina hata na watu wa Kiuyu ambao hawajawahi kumwona. Kila neno lilikuwa la kweli, na Saidi, mwanawe mkubwa, alipousoma alilia akanishika mkono kwa muda mrefu. Sikumwambia kwamba ukurasa ule umeruka mwaka mmoja. Nimefikia umri ambao mtu huanza kupewa maisha ya wenzake ayapange vizuri, na nimejifunza kwamba uongo wa wasifu haukai katika yaliyoandikwa. Mwaka niliouruka nimeuchunga peke yangu tangu ujana. Nimechoka kuuchunga, ndiyo maana nauandika hapa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita nasubiri matokeo, na katika kusubiri huko nikapata nafasi ya kufundisha hesabu kwa muda katika skuli moja iliyopungukiwa na walimu. Mzee Kombo na mkewe, Bi Asha, walinipa chumba cha uani. Kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha la ubao lisilofunga sawasawa, na pembeni mwake kulikuwa na magunia ya makonyo, yale mabua yanayobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, hivyo nguo zangu zote za mwaka ule zilinukia karafuu hata nikizifua mara mbili. Ukuta baina ya chumba changu na chao haukufika juu. Nilisikia kila kitu: kikohozi, dua, vyombo, na mazungumzo ambayo sikuwa na haki ya kuyasikia. Chakula tulikula pamoja sote watatu. Bi Asha alikuwa akichemsha shelisheli kwa nazi mpaka linalainika kama mkate, na samaki akimchoma juu ya makaa ya nje. Kila mara aliweka sahani ya samaki upande wa kulia wa mumewe, na kikombe cha chai vilevile upande wa kulia, na nikiweka mimi kitu kushoto alikihamisha bila kusema neno. Nilidhani ni adabu ya mkono wa kulia tu. Hivi leo nikiikumbuka mikono ya yule mama ikihamisha vikombe, naona kwamba alikuwa mtu wa kwanza kuhesabu katika nyumba ile, kabla yangu.

Dhumna ilichezwa kila siku baada ya sala ya alasiri, kwenye kibaraza cha duka lililokwisha kufungwa zamani na mwenyewe kuhamia Unguja. Palikuwa na meza moja iliyochongwa na kulainishwa na viganja vya watu, na mabenchi manne. Wachezaji huwa wanne, wawili dhidi ya wawili, na wenza hukaa wakielekeana. Kete ni ishirini na nane, kila mtu anachukua saba, na hakuna hata moja inayobaki nje. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonivuta. Katika karata mtu anaweza kujiambia kwamba bahati iko ndani ya fungu lisilogawiwa, lakini katika dhumna ile ya watu wanne kila kitu kiko mezani au mikononi mwa watu. Kila namba ina kete saba zinazoibeba. Ukiona kete nne za tano zimekwisha kutiwa na wewe mwenyewe unazo mbili, basi imebaki moja, na hiyo moja ina mwenyewe. Mtu akikosa kete ya kutia hugonga meza kwa kifundo cha kidole na kusema amepita, na kugonga kule ni kukiri hadharani: ameeleza asichokuwa nacho. Mwenye kusikiliza kwa makini, mchezo ukifika katikati, huona mikono ya wenzake kama vile imefunguliwa.

Nilipoanza kukaa pale nilikuwa nikishindwa kila siku, na aliyefurahia zaidi kunishinda alikuwa Faki. Faki alikuwa mpanda mikarafuu hodari kuliko wote wa upande ule, mtu wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, mwenye nyayo pana na sauti ya kuchokoza. "Maalim," alikuwa akiniambia, "hizo hesabu unazowasomesha watoto wa watu ni hesabu gani, mbona hujui sita ziko wapi?" Watu walicheka, nami nikarudi chumbani nikachora kete zote ishirini na nane katika daftari la mazoezi. Kwa wiki kadhaa nilikaa pembeni bila kucheza, nikiandika nani kapita kwa namba gani. Kisha nikaliacha daftari nikaanza kuhesabu kichwani, na baada ya miezi miwili nilikuwa najua, kete tatu kabla ya mwisho, kila mtu amebaki na nini. Mzee Kombo aliliona hilo kabla ya wengine. "Huyu kijana hachezi," aliwaambia siku moja, "huyu anatusoma." Akanichukua niwe mwenza wake, na tangu siku hiyo mimi na yeye tulikaa tukielekeana, na Faki na binamu yake Khamis wakawa wapinzani wetu wa kudumu.

Ilikuwa kwa kuhesabu huko huko kwamba niligundua jambo ambalo sikulitafuta. Siku moja hesabu yangu iliniambia kwamba Mzee Kombo anayo kete ya mwisho yenye namba moja, na moja ilikuwa wazi mezani, lakini yeye akagonga akapita. Nilidhani nimekosea. Baada ya wiki ikatokea tena kwa tatu, kisha kwa sita. Kupita hali ya kuwa unayo kete huitwa kuficha, na kule kwetu kuficha si mbinu. Ni aibu ambayo mtu huweza kutajiwa mpaka siku ya arusi ya mjukuu wake. Mzee Kombo alikuwa mtu wa mwisho duniani kuficha kete, tena kwa hasara yake mwenyewe, kwani mara zote tatu kupita kule kulitugharimu mchezo. Nikaacha kuhesabu kete nikaanza kumtazama yeye. Alizisimamisha kete zake saba kwa mstari mbele yake, akazitazama kuanzia kulia. Kila kete aliyoikosa ilikuwa imesimama mwisho kabisa wa mstari, upande wa kushoto.

Baada ya kuliona hilo mezani, nikaliona kila mahali. Niliona kwamba anapita mlangoni kwa kutanguliza bega. Niliona kwamba watu wanaomsalimu kutoka kushoto huitikiwa kwa kuchelewa, nao wakaanza kusema kwamba Mzee Kombo siku hizi ana maringo. Siku moja tulikuwa tukitoka msikitini mimi na yeye, akaja mtu wa baiskeli kwa nyuma, upande huo huo, akipiga kengele. Mzee Kombo alisogea, lakini alisogea kuielekea baiskeli, na usukani ukamchubua kiwiko. Yule mtu alishuka akaomba radhi, akapanda tena akaenda zake. Mzee Kombo alikifuta kiwiko kwa ncha ya kanzu, tukaendelea na njia.

"Umeona," akasema. Hakuwa akiuliza.

"Tangu lini, mzee?"

"La kushoto limefunga tangu mwezi wa Mfunguo Tatu. Hili jengine linaingia ukungu pembeni. Natazama kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi."

Nilimwambia twende hospitali. Alicheka kidogo. "Nikenda hospitali leo, kabla ya magharibi Wawi nzima inajua. Vuno lipite kwanza."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikimsumbua. Mzee Kombo alikuwa amekwisha kuacha kupanda kwa sababu ya magoti, lakini vuno halikuanza bila yeye. Mkarafuu ni mti mrefu wenye tawi jepesi kuvunjika, na tawi lililokufa ndani huweza kuonekana zima kwa asiyejua. Kabla ya wachumaji kupanda, yeye aliuzunguka kila mti, kichwa amekiinua, akatazama rangi ya gome na mkao wa majani, kisha akasema: hili linabeba mtu, lile lisikanyagwe. Aliposema watu walipanda. Hakuwahi kukosea, na miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeanguka katika mti alioukagua yeye.

"Na miti, mzee?" nikamuuliza. "Utaikagua vipi?"

"Miti naijua kwa moyo. Nimeipanda tangu sijaota ndevu." Akasimama, akageuza uso wote ili anione. "Nikisema sioni, atashika Faki. Na Faki anaweza, simdharau. Lakini akishashika Faki, mie nitakuwa mzee wa kuletewa chakula. Msimu mmoja tu, Maalim. Usiniseme."

Nilimpa ahadi. Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwamba nilimhurumia, na huruma ilikuwepo. Lakini nikiwa mkweli, kilichonishinda kilikuwa kitu kidogo zaidi ya huruma: nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mtu mzima mwenye heshima zake alikuwa ameniweka ndani ya siri yake na kuniita Maalim bila mzaha. Ahadi ile ilinipandisha cheo. Sikujiuliza nimeahidi kumlipa nani na kwa mali ya nani.

Kuanzia hapo tukawa na njia yetu. Hesabu ikiniambia kwamba kete inayotakiwa imesimama kwenye ncha yake ya kushoto, nilikohoa, naye akaipapasa kwa kidole gumba kabla ya kugonga. Ilikuwa hila, na niliijua kuwa hila. Tulianza kushinda kwa namna ambayo watu walikuja kututazama kutoka Pujini, na ikasemwa kwamba Mzee Kombo amerudi ujanani, kwamba macho yake sasa yanaona kete hata zikiwa zimelala kifudifudi. Nilisikia maneno hayo kwa fahari. Leo nayasikia kwa namna nyengine, kwani sasa najua kwamba mezani pale, mbele ya macho ya watu wote, nilikuwa nikimtengenezea cheti cha kwenda nacho shambani. Watu wa Wawi hawakuwa wajinga. Walikuwa wameanza kuona kwamba anajikwaa na kuchelewa kuitikia salamu. Lakini kila shaka ilipozuka mtu alijibu: mbona kete anaziona?

Mtu mmoja tu hakuridhika na jibu hilo. "Maalim," Faki aliniambia siku moja huku akizichanganya kete, "kifua chako hicho kina ratiba. Hakiumwi ila mzee akiwa anafikiri." Khamis alicheka. Mimi nilicheka pia, lakini tangu siku hiyo nikaogopa kukohoa.

Asubuhi moja, muda mfupi baada ya sala ya alfajiri, nilisikia sauti zao kupitia juu ya ukuta. Bi Asha alikuwa akisukuma unga, kwani kila neno lake lilikuja na kishindo cha kibao cha kusukumia.

"Mwambie Faki ashike yeye, baba Saidi."

"Mwakani."

"Mwaka huu."

"Yule kijana ananisaidia."

Kibao kikanyamaza. "Kijana anakusaidia kuona kete," akasema Bi Asha. "Huko juu ya miti anakwenda kukusaidia nani?"

Nilibaki nimelala, nikitazama mwanga ukiingia kwenye ufa wa dirisha. Chai ilipokuwa tayari nilikwenda nikakaa mahali pangu kama kawaida, na Bi Asha akanimiminia bila kunitazama usoni. Karafuu zilikuwa zimeanza kuiva. Ukipita barabarani uliziona zimekuwa nyekundu vichwani, na katika kila nyumba watu walitoa majamvi ya kuanikia wakayakung'uta na kuyashona palipotoboka. Kijiji kizima kilikuwa na furaha ya kungojea. Mimi nilikuwa nikilala vibaya.

Siku ambayo naikumbuka zaidi kuliko zote za mwaka ule ilikuwa Jumatatu, siku chache kabla ya vuno kuanza. Kibaraza kilijaa. Mchezo ulikuwa wa mwisho, pande mbili zimelingana. Mezani palikuwa na nne upande mmoja na mbili upande wa pili. Ilikuwa zamu ya Faki, akatia nne-tano kwa kishindo. Sasa mezani palikuwa na tano na mbili, na hesabu yangu ilikuwa wazi kama maji ya kisima: tano ya mwisho, tano-tatu, ilikuwa mkononi mwa Mzee Kombo. Nilitaka kukohoa. Faki alikuwa akinitazama mdomoni. Sikukohoa. Mzee Kombo alizipitisha kete zake kwa jicho, akagonga meza, akapita. Khamis akapita, nami nikapita, kwani sikuwa na kitu. Faki akatia mbili-moja upande wa pili. Zamu ikamrudia Mzee Kombo, na safari hii, sijui kwa nini, kidole gumba chake kilikwenda mpaka ncha ya mstari. Aliigusa kete, akaiinua karibu na jicho, akaitia: tano-tatu.

Faki aliweka kete zake chini taratibu.

"Mzee, hiyo tano ilikuwa wapi ulipopita?"

"Nilipopita mie hapakuwa na tano," akasema Mzee Kombo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeamini asemacho. "Palikuwa na nne."

"Nne nilikwisha kuifunika. Nilitia nne-tano, ukapita. Umeficha kete, Mzee Kombo."

Neno lilikuwa limesemwa. Watu waliokuwa wamekaa walisimama. Mzee mmoja alisema, "Faki, chunga ulimi wako," na mwengine akasema hapana, haki ya mtu isikilizwe. Walizitazama kete mezani, lakini kete zisingeweza kutoa ushahidi: nne-tano ilikuwa upande mmoja, mbili-moja upande wa pili, zote mbili ametia Faki, na suala lilikuwa moja tu, ipi ilitangulia. Kama nne-tano ilitangulia, Mzee Kombo ameficha. Kama ilifuata, Faki amemsingizia mtu mzima mbele ya kaumu. Khamis aliulizwa akasema hakumbuki. Ndipo Faki akanigeukia mimi, na hili ndilo linaloniuma, kwamba alinigeukia kwa imani.

"Muulizeni Maalim. Mwenza wake, lakini yeye hakosei. Atakalosema nalikubali."

Nilimtazama Mzee Kombo. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza, na uso wake haukuwa ukiniomba chochote. Nikasema, "Mbili-moja ilitangulia. Nne-tano umeitia zamu ya pili, Faki. Mzee alipopita, tano haikuwepo."

Nilisema kwa sauti ya darasani. Niliuchagua uongo ambao meza isingeweza kuukanusha, na nilichagua haraka, kama mtu anayeijua kazi yake. Niliona macho ya Faki yakirudi nyuma, yakijaribu kukumbuka mkono wake mwenyewe, na niliona jinsi kumbukumbu yake ilivyoanza kulegea mbele ya yangu. Hatimaye akasema, "Basi mie ndiye niliyechanganya." Siku ya pili, baada ya sala, mbele ya watu wote, aliinama akaubusu mkono wa Mzee Kombo na kumwomba radhi. Mzee Kombo alimwinua akamkumbatia. Wapo waliolia. Nilikuwa nimesimama safu ya nyuma, na nakumbuka nikijiambia kwamba mambo yamekwisha kwa heri.

Vuno lilianza Jumamosi. Sikuwa na vipindi skuli, nikaenda shambani kuokota vishada vinavyoanguka. Asubuhi ilikuwa na ukungu, matawi yanatona maji. Mzee Kombo aliizunguka miti kama miaka yote, mikono nyuma, kichwa juu, na wachumaji wakamfuata kwa heshima iliyoongezeka tangu ile suluhu. Miti mitatu ya mwanzo ilikwenda salama. Nilianza kupumua. Mti wa nne ulikuwa mkubwa, umegawanyika mapanda mawili, na panda la kushoto lilikuwa limejaa karafuu kupita kiasi, zimeiva zote kwa pamoja. Baadaye wazee waliniambia kwamba tawi linalokufa huzaa hivyo mara ya mwisho, lakini siku ile sikulijua hilo. Nililoliona ni kwamba chini ya panda lile gome lilikuwa limefanya weusi, upana wa kiganja.

Faki aliliona pia. Alikuwa amekwisha kuifunga kamba kiunoni, na ile fimbo ya kulabu ya kuvutia matawi iko begani. "Hili la kushoto, mzee?"

Mzee Kombo aliinua uso. Alilitazama panda la kulia, akatulia, akageuza kichwa kidogo. "Linabeba."

"Mie naona kama jeusi pale chini."

"Umeanza tena, Faki?" Alisema kwa kutania, na watu wakacheka, na Faki naye akacheka. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, pakacha mkononi. Neno moja lilitosha. Nilikuwa nalo kinywani, na kwa kuwa nataka kuwa mkweli katika kurasa hizi, nitasema kilichonizuia: nilifikiri kwamba nikisema sasa, watu watauliza nilijuaje, na nikisema nilijuaje, watairudia ile Jumatatu. Nilikuwa nikiilinda hesabu yangu. Faki alisema bismillahi akapanda. Alikuwa akipanda vizuri mno, kama mtu anayetembea juu ya ardhi iliyosimama wima. Alipofika kwenye panda aliliwekea mguu mmoja, akalijaribu, akaweka wa pili. Halikutoa sauti ya kuvunjika niliyoitazamia. Liliachia tu, kimya, kama kitu kilichokuwa kimegandishwa kwa mate, na karafuu zilishuka juu yetu pamoja naye.

Faki hakufa. Alivunjika uti wa mgongo, na madaktari wa wodini, mjini, waliieleza familia yake kwa upole kwamba miguu haitarudi. Mimi nilikaa siku sita bila kwenda kumwona. Siku ya saba nilikwenda na Mzee Kombo, saa ya kuangalia wagonjwa, kwa kuwa Faki mwenyewe alituma watu kutuita. Mzee Kombo aliniomba nimtangulie kuingia, yeye akabaki nje akizungumza na Khamis. Faki alikuwa amelala chali, amenyolewa, amekuwa mdogo ndani ya shuka. Hakunilaumu. Aliniuliza hali za skuli.

"Maalim, nina neno moja. Nimelala hapa sina kazi, nafikiri tu. Siku ile, nne-tano. Niliitia mwanzo au mwisho?"

Nilikuwa nimekaa siku sita nikijiandaa kwa swali hili. "Mwisho," nikasema.

Alifumba macho. "Basi niitie mzee. Kwa sababu nilimwomba radhi mbele ya watu, lakini moyoni nilibaki nimeamini kwamba aliificha. Na hata pale mtini nilipanda nikiwa na shaka naye. Nadhani Mungu amenionesha. Mwite, nisilale na dhulma ya mtu mzima."

Nilimwita. Mzee Kombo aliingia, akasimama karibu na kitanda, uso ameuelekeza kwenye mto, na Faki akamwambia yote aliyoniambia mimi, kwa sauti ya chini, akitua mara kwa mara. Mzee Kombo alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yakimtoka kwenye macho yote mawili, linaloona na lisiloona. Nilingoja aseme. Nilidhani sasa atasema, nami nitakuwa nimefunguliwa.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema Mzee Kombo. "Duniani na akhera."

Faki akanyoosha mkono wake ampe. Aliunyoosha kutoka pale alipoweza, chini ya kiuno, upande wa kushoto wa Mzee Kombo. Mkono ule ulisimama hewani. Mzee Kombo aliendelea kuutazama mto, akitabasamu kwa huzuni, mikono yake imelala ubavuni. Faki alingoja. Aliutazama mkono wake, umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kanzu, akautazama uso wa Mzee Kombo, kisha akageuza kichwa taratibu akanitazama mimi, na hakuniondolea macho mpaka nikayainamisha yangu.

Akaurudisha mkono ndani ya shuka.

"Ahsante, mzee wangu," akasema. Kisha, kwa sauti ile ile: "Mtoe nje, Maalim. Na umshike mkono, hapo mlangoni pana ngazi mbili."